Chai ya Ndege

Baba alikuwa akiwachemshia ndege chai. Kila asubuhi, kabla hajatoka kwenda kusoma mita za maji za watu, alitia majani kidogo kwenye birika, akaichuja, akaiacha ipoe kabisa, kisha akaimimina kwenye bakuli la bandani. Haikuwa na sukari wala maziwa, na ilikuwa nyepesi kiasi cha kuona chini ya bakuli. Mama alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, akicheka.

"Wakwe zako wameamka," alisema. "Leo wanateremshia na nini, mkate au keki?"

Baba alikuwa mtu wa kusoma namba na kuziandika. Maneno aliyaona kama mzigo wa mtu mwingine.

Ndege walikuwa saba: shorobo wawili wenye mikia mirefu na vishungi vya kijani, shore wawili, na kwenzi watatu weusi waliometameta kama mafuta juu ya maji. Hakuna hata mmoja aliyekula nafaka, na hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wa nyumbani kwetu. Ndege wa nafaka ni mstaarabu. Anadonoa punje, anaacha vijipunje vikavu, unapitisha ufagio, yamekwisha. Ndege wa matunda anatoa uji. Papai aliloingiza saa moja, saa moja na nusu liko ukutani, na si ukuta wa banda peke yake, maana shore walikuwa na shabaha ya kupenyeza wavuni mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Tunda likipigwa jua kidogo tu linachacha, na vijinzi vyake vinaingia mpaka kwenye glasi za maji mezani. Halafu walitaka wadudu. Baba alifuga funza wa unga kwenye beseni la pumba chini ya sinki, na siku shangazi yangu alipolifunua akitafuta vitunguu, alipiga kelele iliyomtoa jirani bafuni na povu kichwani.

Miaka ishirini na sita mama alisugua ukuta ule. Miaka ishirini na sita alisema, "Ndege hawa au mimi," na kila aliposema baba alimtazama kwa upole mkubwa, kama mtu aliyepewa hesabu ngumu, kisha akaenda kukata papai.

Kwenzi mmoja alipewa jina na mama mwenyewe: Bwana Afya. Alitua ukingoni mwa sahani, akainamisha kichwa, akakagua kila kipande kwa jicho moja, halafu kwa la pili. Asichokipenda alikitupa chini kwa dharau, kama mkaguzi anayefunga mkahawa.

"Huyu angepewa mhuri," mama alisema, "mtaa mzima ungelala njaa."

Baba alifia kazini. Aliinama kusoma mita kwenye ua wa mtu, hakuinuka tena. Mwenye nyumba alituambia alidhani namba zimefifia, mzee anajitahidi kuzisoma.

Wiki ya pili, watu walipokwisha kurudi makwao, alikuja Fundi Vizimba. Ndiye aliyejenga banda letu, rafiki wa baba tangu ujana, na yeye mwenyewe alifuga ndege wa nafaka. Mimi nilimwita baba mdogo, ingawa damu zetu hazikukutana popote.

"Shemeji," alimwambia mama, "mizigo hii nipe mimi. Umeteseka vya kutosha."

Mama alikuwa akikata papai. Hakuinua kichwa. "Nimewatukana miaka yote hii, shemeji. Leo mwenyewe hayupo ndipo niwafukuze? Watasema nilikuwa naisubiri siku."

"Nani atasema? Ndege?"

"Hao hao."

Tangu siku hiyo mama alianza kuingia bandani. Baba alipokuwa hai hakuwahi kuvuka mlango ule, ukuta aliusugua kwa nje. Sasa nilipopitia asubuhi nikielekea kazini nilimkuta ndani, amekaa kwenye kigoda cha baba, mavi ya shore begani, anawapigia soga.

"Mwenzenu alikuwa anakoroma, mnajua? Nyinyi mlikuwa huku nje mnalala raha mstarehe. Niulizeni mimi."

Mimi ni mpimaji wa maabara hospitalini. Kazi yangu ni damu za watu, kuzihesabu, kuzipaka rangi, kuzitazama kwenye hadubini. Kwa hiyo nilipomwona mama anapanda ngazi mbili za barazani na kukaa chini kutafuta pumzi, nikaona viganja vyake vimekuwa vyeupe, sikungoja. Nilimtoa damu mwenyewe, nikaipima mwenyewe. Ilikuwa chini sana. Daktari akaandika dawa ya maji ya kuongeza damu, chupa kubwa ya rangi ya kahawia, na mimi nikaileta nyumbani na kumweleza.

"Ni madini ya chuma, mama. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Unywe na maji ya machungwa, yanakisaidia chuma kuingia kwenye damu. Na chai uiweke mbali kabisa na dawa. Chai inakizuia chuma, dawa yote inapita bure."

"Machungwa ndiyo. Chai hapana."

"Hivyo hivyo."

"Kweli ulisoma," mama alisema. "Baba yako angekusikia."

Nilitembea kurudi kituo cha basi nimevimba kwa fahari.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya mwezi mmoja mama alipanda ngazi zile huku akiimba. Mwezi huo huo shorobo wa kike alikutwa chini, mdomo wazi, tumbo limejaa kama puto. Tukasema ni uzee. Wiki tatu baadaye akafuata shore mmoja. Kisha shorobo wa kiume, tukasema ni upweke, amemfuata mkewe. Mama alimzika karibu na bomba, akakaa pale mpaka jua likamchoma shingo.

"Wanamfuata baba yako mmoja mmoja," aliniambia. "Na mimi nawahangaikia hivi. Nawahangaikia kuliko alivyowahangaikia yeye."

Aliposema hivyo nikaelewa ndege wale wamekuwa nini kwake. Hakuweza kumwomba radhi marehemu. Alikuwa akiwaomba wao.

Ilikuwa mwezi wa nne tangu mama aanze dawa walipokufa shore wa pili na kwenzi mmoja siku moja. Kwenzi sikumzika. Nilimfunga kwenye gazeti, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mtu mnene mwenye viatu vya mpira, ambaye ofisi yake ilinuka maziwa na dawa ya kupe.

"Dada, mimi ni wa ng'ombe," alisema. "Ndege ninaowajua mimi ni kuku, na hao nawajua zaidi mezani." Lakini alimpasua, na alipofika ndani akaacha mzaha. "Ini ni ini tu, hata la nani. Tazama lilivyovimba. Na rangi hii ya kutu si yake. Wanakula nini?"

"Matunda. Funza wa unga."

"Machungwa?"

"Sidhani. Baba hakuwapa kamwe."

"Chai je?"

Nilidhani ananitania. Akaniona uso, akaweka kisu chini.

"Yupo mzee mmoja aliyewahi kunieleza. Ndege hawa wa matunda, baadhi yao miili haijui kutupa chuma. Kinachoingia kinabaki, kinajaa kwenye ini mpaka linashindwa. Ndiyo maana wanaowajua huwanyima machungwa, na wengine huwatilia chai nyepesi kwenye maji, ikishike hicho chuma kabla hakijaingia. Wewe si wa maabara? Chukua kipande, kakipake rangi ya kutafuta chuma. Utajua."

Nilikaa na kile kipande kwenye kichupa, garini, mapajani mwangu. Njia nzima nilimwona baba na birika lake. Hakuwa mwendawazimu wala mtu wa vituko. Kila asubuhi, huku tukimcheka, alikuwa akiwaokoa.

Mwenzangu wa kitengo cha kupima nyama za mwili alikikata, akakipaka, akaniita. "Umelitoa wapi ini hili? Huyu mtu alikuwa anakula misumari?"

Nikainamia hadubini. Chuma kikipakwa rangi ile huwa bluu. Nilikuwa nimezoea kuona nukta, vumbi kidogo hapa na pale. Hapa palikuwa bluu tupu, bluu ya wino wa shule, kila mahali, kama mtu ameangusha chupa nzima. Chuma kingi namna hii hakikutoka kwenye papai. Nikainua macho, nikakumbuka chupa ya kahawia, na maneno yangu mwenyewe neno kwa neno. Machungwa ndiyo. Chai hapana.

Niliomba ruhusa. Nilifika nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo sikuwa nakuja kamwe. Mama alikuwa bandani, amekaa kwenye kigoda, Bwana Afya juu ya kifundo cha mkono wake. Chupa ilikuwa chini, pembeni mwa chungwa lililokatwa. Alijimiminia kijiko, akanywa, akakunja uso. Akamimina kingine, robo tu, akachovya humo kipande cha papai.

"Kimoja changu, kimoja chako," alimwambia. "Kunywa, mwanaume. Tupone wote."

Aliponiona aliona haya, kama mtoto aliyekutwa kabatini.

"Usinigombeze. Walikuwa wamepauka tangu baba yako aondoke. Manyoya yanawatoka, wanasinzia mchana. Nikasema na hawa damu imepungua, ni huzuni. Nikawapa kama ulivyonielekeza."

"Na chai, mama?"

"Chai si ulisema inazuia? Niliwaachisha siku ile ile." Akamkuna kwenzi kidevuni. "Wengine waliwahi kuchoka, dawa haikuwakuta na nguvu. Lakini huyu tazama anavyokunywa. Huyu simpotezi. Huyu akinifia, mwanangu, basi na mimi sijui nafanya nini humu ndani."

Kwenzi wa pili alikuwa juu ya kijiti, manyoya yametutumka, macho nusu. Alikufa jioni ile ile. Akabaki Bwana Afya peke yake.

Sikumwambia. Nilikuwa na kila neno, nimesomea maneno hayo, nimepata cheti cha maneno hayo, na sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nitaokoa ndege bila kumvunja mama. Kuibadilisha dawa ndani ya chupa nisingeweza, kwa kuwa na yeye aliinywa na damu yake bado iliihitaji. Nikaichukua chupa, nikamletea vidonge. Siku mbili baadaye nikamkuta anavisaga kati ya vijiko viwili na kunyunyizia unga wake juu ya papai. Nikamwambia kwenzi amepona sasa, inatosha.

"Mbona mimi nimepona na bado nakunywa?"

Nikachemsha chai, nikaimimina kwenye bakuli. Nilipopita kesho yake nikakuta ameimwaga.

"Umesahau kanuni zako mwenyewe," alinitania. "Dada wa maabara!"

Wiki ikaisha hivyo. Jumamosi tulikuwa tunasugua ukuta pamoja, yeye na brashi, mimi na ndoo. Ndani ya wavu Bwana Afya alikuwa sahanini. Mama alikuwa amemkatia chungwa, kitu alichokuwa akikitupa mbali kuliko vyote. Alikimeza. Akameza kilichofuata bila hata kukitazama.

"Ona," mama alisema kwa furaha. "Siku hizi hachagui. Amekuwa mtoto mzuri."

Hapo nikaweka ndoo chini.

"Mama, ni dawa."

"Dawa gani?"

"Ya damu. Ndiyo iliyowaua. Wote sita."

Brashi iliendelea kwenda, mara tatu, mara nne. "Dawa haiui. Mimi naishi kwa dawa hiyo."

"Kwako wewe ni dawa. Wao miili yao haiwezi kuitoa. Inajaa kwenye ini. Nimeliona mwenyewe, mama, kwenye hadubini."

"Na machungwa?"

"Yaliiongezea nguvu."

"Chai?"

"Chai ndiyo iliyokuwa inawakinga. Baba alikuwa anawakinga."

Akasimamisha mkono. Maji machafu yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, hakuyafuta. "Alijua."

"Alijua."

"Miaka yote hiyo amejua, anachemsha, na mimi mkewe hakuniambia?"

Alijijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nacheka. Mtu anayekucheka utamwambia nini?"

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekueleza."

"Wewe ulinieleza mimi. Kuhusu ndege nilikuuliza?" Akaitazama mikono yake. "Yule shore mdogo alikuwa hataki. Alikuwa anakaza mdomo. Nikawa namshika, nampenyezea kucha hapa pembeni, namfungua. Alikuwa ananing'ata na mdomo ule laini, hauumi hata kidogo. Nikawa namwambia, meza, baba, meza, ni kwa faida yako. Kila siku. Mpaka akameza."

Nilimshika bega. Aliuondoa mkono wangu polepole, kama unavyoondoa nguo iliyonasa kwenye msumari, akaingia ndani, akanawa mpaka nikasikia maji ya tangi yanakwisha. Kisha nikamsikia anaongea na simu.

"Shemeji, njoo umchukue huyu mmoja. Leo. Sitaki kumgusa tena."

Nilimsihi. Nilimwambia sasa kwa kuwa anajua, hakuna mtu duniani atakayemtunza vizuri kuliko yeye. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya dawa, kwa makini yote, na akatikisa kichwa.

Fundi Vizimba alikuja na kizimba kidogo na wavu wa mpini mrefu. Hakuuhitaji wavu. Bwana Afya alikaa tu, akajiruhusu kushikwa, na tulipoona hivyo tukatazamana, kisha kila mmoja akaangalia kwake. Nilimpa maelekezo kwenye karatasi: chai nyepesi iliyopoa, papai, peasi, funza kidogo, machungwa marufuku. Mama alikuwa chumbani, mlango amefunga. Tulipofika getini dirisha likafunguka.

"Shemeji! Akifa usiniambie." Kisha, kwangu: "Na wewe usiniambie."

Alikufa siku ya kumi na tisa. Fundi alinipigia nikiwa kazini, na mtu mzima yule alilia kwenye simu kama aliyefiwa upya na rafiki yake. Aliwasha taa ya joto, alisema, alimlisha kwa mkono, alimchemshia chai kila asubuhi kama karatasi ilivyosema. Nikamwambia hakukosea kitu. Ini lilikuwa limeshajaa.

Sikumwambia mama. Ndivyo alivyoagiza. Banda lilibaki vile vile, mlango wazi, na ukuta wake kwa mara ya kwanza ukawa safi wiki nzima, kisha mwezi mzima. Dawa yake anainywa mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Asiponiona hanywi.

Jumapili moja tulikuwa tumekaa barazani tunachambua mchele, sinia liko katikati yetu. Alikuwa hajamtaja ndege yeyote tangu siku ya kizimba. Akasema bila kuinua macho:

"Hajambo?"

Nikasogeza mchele kando ya sinia. "Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Manyoya?"

"Yameota mapya. Shingoni hapa."

Akaguna. Akachagua kijiwe, akakitupa. "Fundi anamweka wapi?"

"Sebuleni. Karibu na dirisha."

"Sebuleni kuna redio. Asimweke karibu na redio, akisikia mtu anaongea asiyemwona hali mpaka kesho yake. Baba yako alikuwa anaizima." Akaninyooshea kidole chenye vumbi la mchele. "Mpigie."

"Nitamwambia kesho, mama."

"Kesho atakuwa ameshashinda njaa leo. Mpigie sasa, nimsikie."

Nikatoa simu, nikabonyeza, nikaiweka kwenye sauti ya juu maana alikuwa ameshasogeza sikio. Fundi Vizimba akapokea.

"Baba mdogo," nikasema upesi, kabla hajatia neno, "niko na mama hapa, anakusikia. Anasema kwenzi usimweke karibu na redio. Akisikia sauti hali."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake ndege wa nafaka wakilialia, makumi yao. Mama naye alikuwa akiwasikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Mwambie shemeji nimesikia," Fundi alisema hatimaye. "Redio naizima sasa hivi."